Julai, Baiskeli Ukutani

Imening'inia kwenye misumari miwili juu ya kochi,
gurudumu la mbele limeelekea mlangoni
kama ng'ombe aliyesikia ndoo.

Wiki ya tatu.
Fundi Okinda aliufua mnyororo kwa mafuta ya taa,
akautazama, kisha akautazama mguu wangu:
"Hivi viwili vimekula mchanga mmoja.
Mnyororo nitakuuzia mpya."
Kuhusu goti hakusema kitu.

Kinoo, saa kumi na moja alfajiri, kipupwe.
Manyunyu yasiyotosha kuitwa mvua
wala kumruhusu mtu kuanika soksi.
Mwili haujaambiwa kuwa msimu umekwisha:
unaamka saa ileile, unapapasa gizani kutafuta helmeti,
unashika sufuria ya uji wa jana.

Siku tano mimi ni karani wa stoo ya rangi, Eneo la Viwanda.
Jumamosi nilikuwa mtu mwingine,
kaptura ya kubana, mteremko wa Kona Baridi,
machozi yakikimbilia masikioni;
kisha kuupanda mteremko uleule,
ambako hata asiyesali hujikuta akimtaja Mungu.
Mashindano ya mwisho nilikuwa wa arobaini na moja.
Tulikuwa arobaini na sita.
Mama mkwe aliuliza kama wale walionitangulia
hulipwa.

Mutheu, nahodha wetu, ana daftari la miraba.
Ukurasa wangu ameujaza kwa kalamu nyekundu:
Jumatatu, pumzika. Jumanne, pumzika.
Jumatano, tembea hadi dukani.
"Dukani nikanunue nini?"
"Subira. Wakiikosa, rudi polepole."

Wanasema mwenda pole hajikwai.
Mimi nilijikwaa nimekaa.
Siku ya tisa nilimfokea mkate.
Siku ya kumi na moja nilizipanda ngazi za ofisini mbio
nione kama mapafu bado yangu,
na goti likanijibu mbele ya wateja.

Ndipo nikakumbuka ninachowaambia watu kila siku kaunta:
mkono wa kwanza wa rangi haumpendezi mtu.
Ukuta huunywa wote, ukabaki na mabaka kama mgonjwa,
na mwenye nyumba husema nimemwibia.
Lakini usipoupaka, wa pili hubambuka
kabla ya Krismasi.
Nawaambia hivyo mwaka wa tisa sasa.
Sikujua naongea na paja langu.

Wiki ya nne Mutheu akaniruhusu rola,
nusu saa, gia nyepesi,
"uweze kusimulia hadithi bila kuhema."
Rola za kuazima, sebuleni, kati ya kochi na runinga.
Dakika ya pili, Mama Imali wa chini
akagonga dari yake kwa mpini wa fagio:
"Wewe! Unasaga mahindi ya nani?"
Sikuwa na jibu.
Nasaga tu. Unga hautoki.
Jasho linadondokea gazeti la wiki iliyopita,
na dirisha limefunga ukungu kwa pumzi yangu.

Karimi, miaka sita, amekaa mbele yangu juu ya stuli,
sweta mbili, kofia ya marvini,
anachora barabara kwa kidole kiooni.
"Baba, sasa tuko wapi?"
"Kikuyu."
"Kuna nini?"
"Ukungu."
"Na sasa?"
"Bado Kikuyu. Kuna mlima kidogo."
Akachora mlima. Maji yakauchuruza mpaka chini.

"Na sasa?"
Nikanyamaza kulisikiliza goti.
Tangu Juni lilikuwa likihesabu kila mzunguko, ta, ta,
kama mlinzi anayegonga kijiti langoni.
Halikuhesabu.
Mzunguko mwingine. Kimya.
Mwingine.
"Baba! Tuko wapi?"
"Hapa," nikasema.

Akageuka, akatazama kochi, mwavuli unaodondoka,
misumari miwili mitupu ukutani.
"Hapa si mahali," akanuna.
"Ulisema tunaenda Naivasha."