Kimya cha Kununua

Gari jipya la Taisto halina kelele.
Sauti huila sauti, alisema muuzaji kule Oulu.

Nusu ya njia masikio yameziba,
kama niko ndani ya ndege ishukayo bila kutua.
Nameza mate. Napiga miayo. Utosi wabana.
Kimya kingi kina mshindo:
hiki chapiga ngoma ya sikio.

Fundi alichomeka kompyuta yake.
Hitilafu hakuna, bibi. Labda umri.

Basi jana, Taisto akilipia kahawa,
nikabandika plasta ya kidonda
juu ya kitundu cha maikrofoni darini.

Matairi yakanguruma barafuni,
upepo ukapiga mluzi mlangoni,
pu! masikio yakazibuka.

Taisto akakunja uso. "Unasikia, Aulikki?"
"Nasikia,"
nikalala mpaka Kajaani.