Hesabu ya Kutoa

Mahojiano nilifanyia juu darini, kwa kina Mwanaesha,
ndipo mtandao hushika.
Yule mama wa Doha akauliza: darasani una wangapi?
Sabini na wawili.
Akadhani simu inakwaruza. Akauliza tena.

Huko nitapewa kumi na wanane,
kila mmoja na kiti chake,
na ubao usiotoa vumbi.
Mshahara wa miezi mitatu
utamwezekea mama nyumba upya, Matondoni,
na deni la dukani kwa Shee Athmani liishe.
Sioni haja ya kujitetea.

Ila jana, nikimkabidhi mwalimu mkuu
funguo za kabati na rejista yenye madoa ya chai,
mkono ulichelewa kuachia.

Leo Barke wa dawati la nyuma,
ambaye kutoa hakujamwingia tangu Januari,
kanifuata hadi kwenye ngazi za gati:
"Mwalimu, sabini na wawili
toa mwalimu,
jawabu ni ngapi?"

Nikamwambia: liandike, nitalisahihisha nikirudi.
Hakuwa na kalamu.
Nikampa yangu,
ile nyekundu.