Kituo Kisichomo Kwenye Karatasi

Saa mbili na nusu, chini ya mnara wa saa,
nawahesabu: sita, na wa saba yuko ng'ambo ya barabara
anapiga picha kopo la rangi la mpiga viatu.
Karibuni Moshi, nasema. Mlima uko pale.
Wanageuka wote. Pale pana wingu.
Mlima wetu, nawaambia, una haya za asubuhi.
Miaka kumi na moja nasema hivyo
na bado watu hucheka.

Tunashuka stesheni.
Hapa maneno yangu yamekwisha kulainika kama mpini wa jembe:
Mjerumani, Tanga, chuma, mataruma,
dirisha la tiketi na nondo zake.
Bwana mmoja mwenye kofia ya turubai anauliza
ni wangapi walikufa wakiilaza reli hii.
Wengi, namjibu,
kisha namwonyesha kengele.
Kengele ni nzuri. Mtu akiiona husahau alichouliza.

Tunapita jengo la ushirika,
ambako babu zetu walipima kahawa yao
kwa mizani waliyoiamini,
tunaingia sokoni: mshare, ndishi, kisukari,
na mama wa ndizi ananipokea kwa sauti ya jirani:
"Anaeli! Umetuletea tena hawa wasionunua?"
Anasema mmekaribia sana, nafasiri.

Ndipo yule wa saba, mwanamke mfupi, kimya tangu asubuhi,
akanisogelea karibu na magunia ya maharage.
"Hakusema hivyo."
Jina lake Ligaya. Anatoka Manila,
na huko, alisema, kazi yake ndiyo hii:
mwavuli wa njano juu, wageni nyuma,
ndani ya kuta alizoziacha Mhispania.
"Tusi lenye tabasamu nalijua kwa lugha yoyote."

Tukala wali na mchicha. Akasukuma sahani.
"Kwenye karatasi yako umeruka nini?
Kila mtembezaji ana mtaa anaoukwepa.
Mimi kwangu pana uwanja wa kuegesha magari.
Nawaambia wageni: kushoto, magari.
Hapo palikuwa na nyumba ya bibi yangu, kabla ya mabomu."
Akaendelea kula.

Sijui ni nini kilinipeleka.
Saa tisa, jua likichoma visogo,
niliwasimamisha watu saba mbele ya geti
la kiwanda cha kukoboa kahawa.
Mlinzi akatoka: "Huku hakuna cha kutazama, kaka."
Kweli. Ukuta, bati, lori lililopakia magunia.
Nikafungua mdomo, nikakuta hamna mzaha ulioandaliwa.

Mama yangu, nikasema, alikaa humo misimu ishirini na sita
akichambua buni. Mbovu huku, nzima kule.
Jicho likazoea kutafuta kasoro
hata likashindwa kupumzika:
lilizitafuta kwenye mchele,
kwenye daftari langu la hesabu,
kwa mke niliyempeleka nyumbani, akazipata mbili.
Siku ya mwisho alipapasa shuka la hospitali
kwa vidole viwili, hivi,
akitupa kitu pembeni.
Kikombe cha kahawa hakuwahi kukimaliza.
Alisema inamwashia kazi.

Lori likapita. Vumbi likatukalia sote.
Bwana wa kofia akatoa kijitabu. "Aliitwa nani?"
Ndekirwa.
Akaandika vibaya. Nikamtajia herufi moja moja,
na nilipofika ile ya mwisho
sauti ikanipotea kidogo, nikasingizia vumbi.
Ligaya alikuwa anatazama lori.

Jioni wingu lilikuwa palepale.
Hakuna aliyeuulizia mlima.

Kesho nina kundi la watu kumi na wawili,
karatasi ni ileile, stesheni, kengele.
Pembeni, kwa kalamu ya mkaa,
nimeandika: geti.
Sijaandika dakika ngapi.