Safu ya Mwenyewe

Karatasi waliyonipa ilikuwa na safu nne:
namba, mmea, thamani, mwenyewe.
Siku kumi na mbili za kuhesabu kila kilichosimama
kati ya vigingi vyekundu, nje ya Lubumbashi, njia ya Likasi,
kabla barabara ya malori ya shaba haijafika.

Mwembe wa mtu hulipwa. Mihogo hulipwa kwa mita.
"Na mlolo?" nikauliza.
Injinia Muteba hakushuka garini.
"Hicho kichaka. Andika sifuri, upite."

Siku ya kwanza niliandika sifuri mia moja na sita.

Mlolo haunifiki kifuani.
Moto wa Agosti umeuchoma mara nyingi kuliko miaka yangu,
nao hurudi kutoka chini ya majivu
kama mtu aliyeingia ndani mara moja kufunga dirisha.
Tunda lake halina haraka. Gumu, la kijani,
lina magamba kama goti la mtoto wa kiangazi.
Halafu mvua tatu za Novemba, nne,
na asubuhi moja limekuwa rangi ya kiini cha yai,
linapasuka hata hujaligusa,
linanukia nanasi lililosahauliwa sandukuni.

Shorewanda hufika kwanza, hula huku akigomba.
Tumbili hung'oa kumi, huuma moja, hutupa tisa:
nimewahi kumwona ofisini, amevaa tai.
Chini yake nsya huokota zilizotupwa,
sikio moja kwa tunda, sikio moja kwa barabara,
na akishaondoka, siafu
husafisha meza.

Siku ya tano alikuja Mama Mwelwa na beseni,
anauza uyoga na malolo soko la Kenia.
Alichuma ya juu, akaacha ya chini, yaliyoiva kuliko yote.
"Haya si yangu."
Ya nani?
"Ya yule anayenuka."
Akafunga beseni kwa kitenge, akaenda zake
bila kunitazama karatasi.

Nikalala kwenye hema, mlango wazi.
Saa nane usiku harufu ilitangulia, nzito, ya miski,
kisha fungo mwenyewe: madoa, kinyago usoni,
mgongo umesimama nywele kama mzee aliyeamshwa vibaya.
Alikula malolo ya chini taratibu, macho nusu,
akatembea moja kwa moja mpaka kigingi namba thelathini na moja,
akageuka, akakiachia mzigo wake wote.

Asubuhi nilichokoa kwa kijiti. Mbegu tu.
Kahawia, zinang'aa, safi kuliko sarafu.
Na chini ya mzigo wa jana kulikuwa na wa juzi,
na chini ya wa juzi, miche: majani mawili mawili,
imezunguka kigingi cha kampuni
kama watoto wanaongoja kuhadithiwa.

Nikachukua kalamu. Safu ya nne, mstari kwa mstari,
kwa mwandiko wa shule, nikaandika:
Fungo. Nsya. Shorewanda. Siafu, familia nzima.
Tumbili nilimwandika pia, ingawa kwa shingo upande.
Mwelwa, nusu ya juu.

Injinia alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili,
akakaa kimya muda wa kuvuta sigara moja.
"Tutakulipa siku kumi na moja," alisema.
Sikuuliza ni ipi iliyopotea.

Barabara ilipita Machi.
Madereva wa usiku wanasema kuna mahali, baada ya mteremko,
ambapo mnyama mwenye kinyago husimama katikati,
taa zote zikimmulika, honi zikilia,
anamaliza haja yake, anaondoka.
Nimekwenda kuona. Hakuna kigingi.
Pembeni, kwenye kokoto, kuna majani mawili.

Greda hupita kila Jumatatu.