Tundu Moja Zaidi

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
meli imelazwa juu ya meza ya randa:
msaji wa Longuza, dhiraa mbili na shibiri,
dohani mbili za mwanzi, bado hazijapakwa rangi.
Baba ananipa spoku ya baiskeli, ncha yake nyekundu kwa moto.
"Toboa, Mwantumu. Usipumue."

Natoboa madirisha.
Moshi mwembamba, unaonuka ngozi mpya.
Mia mbili na kumi na mawili,
ndivyo picha inavyosema.

Picha haisemi babu Semkiwa alikuwa wapi.
Alichukuliwa kwa tishari hadi ubavuni mwa meli,
akateremshwa ngazi, na ngazi, na ngazi,
hadi chini ya usawa wa maji,
amenye viazi vya watu waliokuwa juu wakicheza dansi.
Miaka sita.
Bahari aliijua kwa masikio.

"Bado moja," baba akasema,
kidole chake chini kabisa, kwenye rangi nyekundu.
"Hapo maji yataingia."
"Yaingie."

Jumamosi mteja akaja na miwani na karatasi yake,
akahesabu kama mtu anayehesabu chenji.
Akarudia.
Akainama.
"Na hili?"
Baba akapuliza vumbi la msasa kiganjani.
"Mdudu huyo. Mbao ina wenyewe."

Akakata elfu ishirini, hatukubisha.
Akaikumbatia meli, akageuka nayo mlangoni,
tezi ikagusa kizingiti.

"Taratibu hapo chini," baba akamwambia.
"Mna mtu."