Kondoo Juu ya Paa

Sanduku limefika kutoka Kopenhagen
limelowa pembe moja, kama kila kitu hapa Klaksvík.
Nalipasua kwa kisu cha mkate.
Vitabu thelathini, na fedha zangu ni za kumi na viwili;
vitakavyosalia vitarudi vilikotoka kabla ya Ijumaa.

Naanza na nguruwe anayenawa mikono.
Ananawa ukurasa wa kwanza, ananawa wa pili,
wa tatu anamfundisha bata.
Rudi kwenu, nguruwe.
Watoto wa hapa wananawishwa na mvua tangu asubuhi.

Hiki kina dhahabu jaladani, ndani hamna mtu.
Hiki kina vina vya kulazimisha,
kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto.
Hiki kizuri mno; nimekifunga upesi,
nikashuku kwamba nimekipenda mimi,
mwanamke wa miaka hamsini na sita,
kwa huzuni yake ya kijivu
ambayo mtoto hajaiagiza.

Nina kipimo changu, sikukisomea chuoni:
nasoma kwa sauti, mara tatu mfululizo.
Nikitamani kuruka ukurasa ile mara ya tatu, basi.
Maana kuna mama huko juu mlimani
atakayekisoma mara tisini,
macho mazito, sufuria motoni,
na hana wa kumwonea huruma ila mimi.

Halafu kuna lugha.
Vingi vimekuja na Kidenmaki chao.
Sisi wenye Kifaroe ni wachache,
tungeingia sote kwenye uwanja mmoja wa mpira
na viti vingebaki.
Basi nakata vipande vya karatasi, napaka gundi,
nabandika maneno yetu juu ya maneno yao,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Neno la jirani litakukaribisha kiti.
Kukubembeleza ulale, hapana.

Jumanne aliingia Høgni wa kiwanda cha samaki,
kofia mkononi, magamba yakimeta kwenye mkono wa koti.
Mwanawe Eyðun ana miaka saba, akasema,
na herufi zinamkimbia.
"Nataka chenye maneno machache.
Lakini kisiwe cha kitoto."
Akachukua kimoja, akakifungua,
midomo ikimcheza,
kidole kimekwama pale pale, neno la tatu.
Nikajifanya natafuta gundi.

Kisha nikampa kile cha nyumba ya paa la nyasi.
Maneno yanasema: Hakuna mtu juu ya paa.
Na juu ya paa, pichani,
kondoo, anatafuna.
Ukurasa wa pili: Tumesema hakuna.
Kondoo wawili.
Wa tatu: Hakuna hata mmoja!
Paa limebonyea.

Høgni alicheka
kabla hajajua kwamba amesoma.

Ni hapo tu, sina elimu nyingine.
Anayesoma kwa taabu anashinda kutwa
akionyeshwa asichokijua.
Mpe kitabu kisichojua
kile ambacho yeye anakiona kwa macho yake.
Atakifukuzia hadi mwisho
ili akakisahihishe.

Kimerudi leo, kimechelewa wiki tatu.
Sikutoza faini.
Kinanuka samaki, pembe imetafunwa,
na mdogo wake Eyðun au na mbwa, sikuuliza.
Kibandiko changu cha ukurasa wa tisa kimebanduka,
na mtu ameyaandika maneno upya kwa penseli,
herufi kubwa, zimeshikana mabega
kama watu wanaovuka barabara penye upepo.
Kuna kosa moja la tahajia.
Mkono wa mtoto, au wa baba?
Nimekitazama chini ya taa, sikujua,
na kifutio kimebaki ndani ya droo.

"Kuna kingine?" Høgni aliniuliza, yuko mlangoni tayari.
"Kirefu kidogo."
Akavaa kofia.
"Si sana."