Msimeze Kwanza

Miaka ishirini na sita, maabara ya shule, Luchelele,
nilisema neno lile lile: msimeze kwanza.
Kila mmoja na tonge lake la ugali wa udaga,
bila mchuzi, bila dagaa, bila chumvi,
na saa yangu ya mkono juu ya meza.
Tafuneni. Hesabuni hadi sitini. Kisha mniambie.

Shija wa Igogo alimeza kabla ya kumi.
"Mwalimu, njaa haina saa."
Lakini Nyamizi, aliyekaa dirishani,
alifumba macho, akanyoosha kidole polepole:
"Umekuwa mtamu. Nani katia sukari?"

Hakuna aliyetia.
Wanga, niliwaambia, ni shanga katika uzi mrefu,
mrefu mno kwa ulimi kuuonja.
Mate yanakuja na mkasi wake,
yanakata, yanakata,
shanga mbilimbili zinamwagika,
na hizo ndizo ulimi unazijua.
Nikadondosha iodini:
ugali mkavu ukageuka buluu, karibu weusi;
ule wa Nyamizi ukabaki rangi ya chai ya mkandaa.
Wakapiga makofi. Nilipenda yale makofi.

Mwaka jana, Bugando.
Mionzi siku thelathini na tatu, Jumapili na Jumamosi nikipumzika.
Uvimbe wa shingoni ukafa.
Zikafa na tezi,
za chini ya sikio, za chini ya taya, za chini ya ulimi.
Mashine haikujua kuchagua.

Ukiwa pale kilimani unaliona ziwa lote,
maji mpaka macho yanachoka,
maji nyuma ya mawe, maji nyuma ya maji,
na kinywani mwangu hamna hata ya kulambia bahasha.

Nkwimba anasonga laini, anazidisha mchuzi wa sato.
Kila tonge nalisukuma kwa maji ya chupa
kama watu wanavyosukuma gari lililokufa betri.
Udaga umerudi kuwa unga, unga umerudi kuwa vumbi.
Siku moja nilisukuma sahani, ikaanguka.
Yeye hakusema kitu. Alimeza mate.
Niliyasikia yakishuka kooni mwake
na, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Maana nani aliwahi kuyaheshimu?
Tunayatema njiani, tunamtemea tusiyempenda,
mtoto akidondokwa nayo tunamfuta kwa haraka
kama aliyevujisha siri.
Nami niliyeyafundisha, niliyeyapima kwenye bomba la kioo,
sikuwahi hata mara moja kuyashukuru.

Jumanne, mwezi wa tisa tangu mionzi ya mwisho.
Niliomba tonge kavu. Nkwimba akanitazama, akakata.
Nikaliweka, nikatafuna, nikaanza kuhesabu.
Sitini: vumbi.
Mia: vumbi.
Mia na themanini, nikiwa nimeshachoka,
kitu kikakohoa upande wa kushoto, chini ya ulimi,
kama bomba la Mabatini usiku wa manane
mgao unaporudi: upepo, kutu,
halafu tone.

Moja. Nililisubiri lifanye kazi yake.
Likakata shanga chache, siwezi kusema ngapi.

"Unalia nini?" Nkwimba akauliza.
Nikamnyooshea kidole, polepole.
Sikuweza kujibu.
Nilikuwa bado sijameza.